Mpira wa ndani ya madigadi ukilegea: kuufunga, kuubandika, kuubadilisha au kuuondoa

Chini ya madigadi ya nyuma ya pikipiki nyingi za abiria kuna kipande cha mpira mweusi kinachokaa kati ya tairi na sehemu za katikati za chombo. Kazi yake ni kuzuia tope, maji na kokoto zinazorushwa na gurudumu zisifike kwenye chujio la hewa, betri, nyaya na shokapu. Hushikwa na bolti ndogo au vipini vya plastiki vya kubonyeza, na kwa kuwa hauonekani kwa urahisi, mwenye pikipiki huukumbuka pale tu unapoanza kupigapiga tairi au kuning'inia upande mmoja. Kwa wakazi wa Arusha na Moshi jambo hilo hujitokeza zaidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo njia za Moshono, Ngaramtoni, Kibosho na Uru huwa utelezi mtupu, na tope hujaa ndani ya madigadi hadi uzito wake unauvuta mpira kutoka kwenye matundu yake.

Ziko njia kadhaa za kuurudisha mpira huo mahali pake, na kila fundi anayo anayoipenda, mara nyingi kwa sababu ndiyo ambayo vifaa vyake viko mkononi. Mwenye chombo anapaswa kuchagua kwa kigezo kingine, nacho ni kile kilichoharibika: kifungio, tundu, mpira wenyewe, au madigadi inayoubeba. Njia inayofaa sana kwa tatizo moja inaweza kuwa upotevu wa fedha kwa tatizo lingine, hata kama kwa macho yote mawili yanaonekana kuwa ni mpira ulegeao tu.

Kipi kimeharibika?

Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni, weka pikipiki kwenye stendi kubwa, kisha uvute mpira taratibu kwa mkono huku ukiangalia mahali unaposhikwa. Ikiwa tundu ni la duara na mpira ni laini, lakini bolti au kipini hakipo, una tatizo dogo kuliko yote: kifungio kimedondoka tu, kwani mtikisiko wa injini ya silinda moja hulegeza nati yoyote isiyo na kizuizi. Ikiwa tundu limerefuka au limechanika hadi ukingoni, washa (kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya bolti au nati) iliyowekwa hapo awali ilikuwa ndogo mno, na kurudisha bolti ileile bila kubadilisha washa ni kuahirisha tatizo hadi mvua inayofuata.

Hali ya tatu ni mpira uliozeeka. Ukiukunja ukaona nyufa ndogondogo juu yake, jua na joto vimeufanya mgumu. Ukiubonyeza ukauona umevimba na kulainika kupita kiasi, mara nyingi chanzo ni oili. Wapo wengi wanaopaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini, na cheni ikizunguka huirusha oili hiyo kila upande. Mpira wa asili hunyonya oili ya madini, ukavimba na kupoteza nguvu zake. Mpira uliofikia hali hiyo haufungiki kwa njia yoyote ya kudumu, kwa sababu kila tundu jipya utakalotoboa litachanika kama la kwanza.

Hali ya nne, ambayo husahaulika, ni madigadi yenyewe kupasuka kuzunguka tundu. Hapo mpira hauna kosa lolote, na kuufunga kwa nguvu zaidi huongeza ufa.

Ukanda wa tyubu, vibano vya plastiki na waya

Mpira ukilegea njiani, tuseme kati ya Usa River na Boma Ng'ombe, swali ni kufika salama. Hapo ukanda uliokatwa kwenye tyubu chakavu unavishinda vifungio vyote vya dharura, nami sioni haya kuupigia debe ingawa wengi huuona kama ufundi wa kimaskini. Ukanda huo unavutika, kwa hiyo unaendelea kubana hata pikipiki inapotikisika. Hauhitaji kifaa chochote, haukati mpira unaoufunga, na hata ukikatika na kuangukia kwenye tairi hauwezi kulidhuru. Udhaifu wake ni kwamba jua huukausha na fundo hulegea ukipata oili, hivyo usitarajie uishi msimu mzima.

Vibano vya plastiki vinavyotumika kufungia nyaya ni nadhifu zaidi na vinapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya umeme. Ukivitumia, chagua vyeusi na vipana. Vile vyeupe huharibiwa na mwanga wa jua mapema zaidi, kwa kuwa rangi nyeusi ya masizi iliyochanganywa kwenye plastiki ndiyo inayozuia miale isiivunjevunje. Kibano chembamba kina kasoro nyingine: hukandamiza mpira kwenye mstari mmoja mwembamba, na baada ya muda huukata kama uzi unavyokata sabuni. Pitisha kibano kwenye tundu lililopo, ukizungushe kwenye fremu au ukingo wa madigadi, na ukate mkia wake karibu kabisa na kichwa, kisha ugeuze kichwa hicho kisielekee upande wa tairi. Kwa mpira mzima uliopoteza kipini tu, kibano kinaweza kukaa muda mrefu bila tatizo, na si lazima ukimbilie kwa fundi.

Waya wa kufungia nondo haufai. Ni rahisi kuupata kwa sababu nyumba zinajengwa kila mtaa, na unabana vizuri siku ya kwanza, lakini hauvutiki, unapata kutu, unakata mpira, na ncha yake ikijitokeza inaweza kutoboa tairi au kukwangua maganda ya nyaya za taa ya nyuma.

Bolti au ribiti

Kwa matengenezo ya kudumu mashindano halisi yako hapa, na hapa ndipo inafaa kutumia muda zaidi.

Bolti inayotumika sana kwenye sehemu hizi ni ya milimita 6, ambayo kichwa chake kwa kawaida hufunguliwa kwa spana namba 10. Bei yake pamoja na nati na washa katika maduka ya vifaa ni shilingi mia chache. Kinachoamua kama itadumu ni washa. Washa ya kawaida ni nyembamba na ndogo, kiasi kwamba nguvu yote ya mtikisiko inaishia kwenye ukingo wa tundu. Washa pana, inayozidi kichwa cha bolti mara mbili au tatu kwa upana, inaisambaza nguvu hiyo kwenye eneo kubwa, na ikiwekwa pande zote mbili inaweza hata kuokoa tundu lililokwisha kurefuka, mradi halijafika ukingoni. Dukani usipoipata ya kukutosha, kipande cha bati kilichokatwa duara na kulainishwa kingo kwa tupa kinafanya kazi hiyohiyo.

Baada ya washa inafuata nati. Nati ya kawaida kwenye mpira hulegea kwa sababu mpira hubonyea na kupungua unene, mkazo ukapungua nao. Nati yenye duara la plastiki ndani hushikilia uzi wa bolti hata mkazo unapopungua, na ndiyo inayofaa zaidi. Ikikosekana, nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine zinatosha. Usikaze hadi mpira ukafura pembeni mwa washa. Mpira uliobanwa kupita kiasi hukatika chini ya washa, mahali ambapo huwezi kuona.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa bolti, na kwa maoni yangu ndilo linalofanywa vibaya mara nyingi kuliko yote. Fundi anayefanya kazi haraka huingiza bolti kutoka upande anaoufikia kwa urahisi, na mara nyingi mkia wake huishia kuelekea tairi. Gurudumu la nyuma hupanda na kushuka kila shokapu inapofanya kazi. Pikipiki ikiwa tupu utaona nafasi kubwa kati ya bolti na tairi, lakini ikibeba abiria wawili na gunia la ndizi, nafasi hiyo hupungua sana, na kwenye shimo inaweza kwisha. Kichwa cha bolti, hasa chenye umbo la kuba, ndicho kinachopaswa kuwa upande wa tairi, na nati ikae upande wa pili. Ni ombi la sentensi moja tu: "Fundi, naomba kichwa kikae upande wa tairi, nati ije huku juu." Ikiwa upande wa juu haufikiki mpaka kiti kifunguliwe, basi kifunguliwe.

Ribiti, yaani pini ya chuma inayovutwa kwa koleo maalumu hadi itanuke nyuma ya tundu, ina faida tatu za kweli kwa upande wake. Haitikisiki ikafunguka, haina mkia mrefu, na fundi mwenye koleo lake huimaliza kazi kwa muda mfupi. Kwenye madigadi ya bati inakaa vizuri sana. Kwenye madigadi ya plastiki, ambayo ndiyo iliyoko kwenye pikipiki nyingi za sasa, ribiti isiyo na washa upande wa nyuma itapenya kwenye plastiki kwa sababu inapovutwa hutanuka na kuipasua. Ikiwekewa washa pande zote mbili inashika, lakini bado inabaki na kasoro moja kubwa: ili kuutoa mpira siku ya kubadilisha betri, kusafisha au kufuatilia waya uliokatika, lazima ribiti itobolewe kwa drili na kutupwa. Anayefanya biashara ya bodaboda, ambaye chombo chake hufunguliwa mara kwa mara, ataiona kero hiyo mapema. Mwenye pikipiki ya kwendea kazini na kurudi, isiyofunguliwa ovyo, anaweza kuiridhia.

Kwa hiyo nachagua bolti kwa wengi, na ribiti kwa madigadi ya bati au kwa sehemu ambayo nyuma yake hapafikiki kabisa kwa spana. Njia zote mbili zinaweza kuhitaji tundu jipya. Kabla ya kutoboa, angalia upande wa pili, kwa maana nyaya za taa ya nyuma na indiketa mara nyingi hupita chini ya madigadi. Tundu kwenye plastiki litobolewe kwa drili au kwa spoku iliyochomwa moto, wala lisikatwe kwa kisu, kwa sababu kona ya tundu la kisu ndiyo mwanzo wa ufa. Ikiwa ufa umekwisha kuanza, toboa tundu dogo la duara kwenye ncha yake ili usiendelee, kisha ufunge mpira mahali pengine palipo pazima.

Gundi

Gundi ndiyo njia inayovutia zaidi kwa macho na inayokatisha tamaa zaidi kwa matumizi. Gundi ya tone inayokauka papo hapo hushika kwa nguvu lakini huwa ngumu kama kioo, na mpira unaojikunja kila wakati huivunja. Gundi ya viatu ni afadhali kwa kuwa hubaki na unyumbufu. Hata hivyo inataka masharti: pande zote mbili zisafishwe, zikwanguliwe kwa msasa, zipakwe gundi, ziachwe hadi zisigande vidoleni zikiguswa, na ndipo zigandamizwe kwa nguvu. Hata masharti hayo yote yakitimizwa, plastiki laini inayotengenezewa madigadi nyingi haipokei gundi vizuri, na palipopita oili ya cheni hapapokei kabisa.

Hali ya hewa pia ina neno lake. Moshi mjini ni chini kwa mamia ya mita kuliko Arusha na joto lake ni kali zaidi, hasa Januari na Februari. Pikipiki iliyoegeshwa juani kutwa nzima huko hulainisha gundi ya viatu kiasi kwamba uzito wa mpira wenyewe unaweza kuanza kuuvuta. Mimi ningetumia gundi kwa kazi moja tu: kuzuia ukingo wa mpira usipepee pale ambapo bolti tayari zimebeba uzito.

Mpira mpya wa dukani au wa kukatwa

Ikiwa mpira umezeeka au umevimba, ulinganisho unahamia kwenye mpira mbadala. Kwa pikipiki zilizoenea kama Boxer na TVS, spea ni rahisi kupatikana katika miji yote miwili, na faida ya mpira wa dukani ni kwamba matundu na mikunjo yake imekwisha kupimwa. Uchukue ule wa zamani mkononi unapokwenda, kwa sababu matoleo ya jina moja hutofautiana, na kipande kinachozidi kidogo tu upande mmoja kitagusa tairi au cheni.

Kwa pikipiki ambayo spea zake zimeadimika, mpira wa kukatwa ni mbadala wa heshima. Tyubu ya lori ni nene kuliko ya pikipiki, inajikunja, na inakatika kwa mkasi mzito. Hiyo ndiyo ningeanza nayo. Wengine huenda kwa mafundi wa katambuga, ambao wana vipande vya tairi na visu vikali vya kuvikatia. Ubavu wa tairi unadumu sana, ila uchague kipande kisicho na nyaya za chuma ndani, kwani zikijitokeza zitafanya uharibifu uleule wa waya wa nondo. Vilevile mpira wa tairi ni mzito, na uzito huo ukining'inia kwenye plastiki nyembamba utaichosha madigadi. Mahali palipokuwa na bolti mbili, weka tatu au nne. Chora umbo kwenye karatasi ngumu kwanza, ulijaribishe karatasi hiyo ndani ya madigadi, na ndipo ukate mpira.

Kuuondoa kabisa

Wapo wanaoutupa mpira na kuendelea na safari. Wakati wa kiangazi gharama yake haionekani upesi. Vumbi laini la upande wa Kisongo litafika kwenye chujio la hewa kwa wingi zaidi, na chujio likiziba injini hukosa pumzi na kula mafuta zaidi. Kokoto zitapiga fimbo ya chuma ya shokapu, na fimbo hiyo ikikwaruzika hukata sili inayozuia oili, na oili ikaanza kuvuja. Masika ikifika, maji ya tope hurushwa moja kwa moja kwenye betri na viungio vya nyaya. Bei ya shokapu moja inapita mbali bei ya bolti na washa zote zilizotajwa hapa, hivyo anayeondoa mpira ili kuokoa fedha anahesabu vibaya.

Kuna hali moja ambapo kuuondoa ni uamuzi wa busara. Kwenye mabonde yenye udongo mweusi unaonata, tope hujikusanya kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na kila sentimita ya nafasi ina thamani. Anayepita njia hizo kila siku wakati wa mvua anaweza kuutoa mpira kwa msimu huo, akafunika chujio na viungio vya nyaya kwa kipande kidogo kilichofungwa kwenye fremu mbali na tairi, kisha akaurudisha ardhi ikikauka. Hapo ndipo bolti inapoishinda ribiti tena. Kwa udongo mwekundu wa miteremko ya Kilimanjaro, unaoteleza lakini unaooshwa na maji kwa urahisi zaidi, sioni sababu ya kufanya hivyo.

Yote hayo yanahusu gurudumu la nyuma. Mpira wa madigadi ya mbele ukilegea, usiupe muda wala usiufunge kwa kubahatisha. Ukivutwa kati ya tairi na madigadi unaweza kulizuia gurudumu la mbele, na gurudumu la mbele likizuiwa ghafla mwendeshaji huanguka. Kama huna cha kuufunga vizuri hapo ulipo, uondoe kabisa, uuweke kwenye begi, na uende nao kwa fundi.

Majaribio kabla ya kulipa

Njia yoyote utakayochagua, jaribio la kuzungusha gurudumu kwa mkono pikipiki ikiwa kwenye stendi halitoshi, kwa kuwa hapo shokapu zimenyooka na nafasi ni kubwa kuliko itakavyokuwa barabarani. Ishushe kutoka kwenye stendi, watu wawili wakae juu yake, na mtu wa tatu ainame atazame nafasi iliyobaki kati ya tairi na mpira. Kisha paka chaki upande wa mpira unaoelekea tairi, uende mwendo mfupi kwenye barabara yenye mashimo ukiwa na abiria, na urudi kuangalia. Chaki ikiwa imefutika mahali fulani, mpira unagusa hapo. Ikiwa ni ukingoni, kata sentimita moja au mbili kwa mkasi. Ikiwa ni katikati, mpira umelegea kati ya bolti, nao unahitaji bolti moja zaidi au kuvutwa upya. Alama ikiwa karibu na kichwa cha bolti, badilisha bolti hiyo kwa yenye kichwa bapa zaidi kabla hujabeba mzigo tena.

Wanaoosha pikipiki kwa mashine ya presha waambiwe wasielekeze maji chini ya madigadi kwa karibu, maana maji hayo huingia nyuma ya mpira na kuuinua. Nati nazo zikaguliwe tena baada ya wiki ya kwanza ya matumizi, kwa kuwa mpira mpya huendelea kubonyea chini ya washa, na robo ya mzunguko wa spana wakati huo inatosha.